Mbwa wa Njuga, Paka wa Kihenge

Nilimkuta mzee amekaa kwenye kigoda, hafanyi lolote. Ilikuwa nje kidogo ya mji wa Tororo, Uganda, mahali ambapo ukiinua macho unauona mwamba wake wote. Mkononi alikuwa na kamba, na mwisho wa kamba kulikuwa na mbwa mwekundu mwembamba, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni. Hatua kama ishirini mbele yao, chini ya kihenge cha mtama, paka wa kijivu alikuwa akijilamba mguu. Nikadhani mzee anapumzika. Ilinichukua nusu saa kutambua kwamba nimemkuta kazini.

Watu humletea mbwa wa kuwinda walioanza kuua paka wa nyumbani. Wengi ni wa vijiji vya hapa, wachache huvuka mpaka kutoka Busia ya Kenya. Majirani wanaamini ana dawa, na jioni, mirija ikiwa kwenye chungu cha pombe ya malwa, hawaachi kumtania waonjeshwe. Dawa yenyewe nimeiona. Ni mukene wakavu ndani ya kopo la maziwa. Ukivuka mpaka wanaitwa omena, na sisi wengine tunawaita dagaa.

Mbwa wa aina hii hawana makelele. Hukimbiza mawindo kimyakimya, na ndiyo sababu wawindaji huwafunga njuga shingoni ili wajue wamefika wapi vichakani. Ndugu zao wa Kongo walionyeshwa kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, London, mwaka 1937, kwa jina la Basenji. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulisikia neno mshenzi humo ndani. Mbwa anayefukuzwa kwa mawe sokoni kwetu, ng'ambo ana cheti cha ukoo.

Tatizo ni kwamba kazi ya mbwa huyo imekwisha, au karibu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Uganda nayo ina Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019, na anayewinda bila kibali ana kesi. Watu wamesikia, mbwa hakusomewa. Miguu ni ileile, macho ni yaleyale, ila ndezi na sungura hawamo tena katika ratiba yake. Aliyebaki mbele ya macho ni kuku, au paka. Na paka huku si pambo la kochi. Paka akiondoka, panya hutawala, na panya akitawala kihenge, familia ndiyo itakayolala njaa mwezi wa mwisho kabla ya mavuno.

Basi nikakaa chini nitazame.

Mbwa alikuwa akihema, ulimi nje. Paka akasimama, akajinyoosha. Pale pale mdomo wa mbwa ukafungwa. Ndivyo tu, mdomo ukafungwa, na mimi nisingeona kama mzee hakuwa ameshatamka jina la mbwa kwa sauti ya chini, ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Mbwa akageuza kichwa. Samaki mmoja akaingia kinywani. Kisha kimya tena, dakika kumi, hadi paka aliposogea.

"Baba, mbona hukungoja aanze kuvuta kamba?" nikauliza.

"Mwanangu, akianza kuvuta mimi sipo tena. Hanisikii. Atanisikia akishamaliza."

Raymond Coppinger, mwanabiolojia wa Marekani aliyetumia maisha yake kuchunguza mbwa wa kazi, aliyapanga mawindo kama mnyororo: kutafuta, kukazia macho, kunyemelea, kukimbiza, kukamata, kuua. Kila pingili huvuta inayofuata. Mzee hajamsoma Coppinger, ila anaijua ile pingili ya pili kama seremala anavyolijua jiwe lake la kunolea. Anakata hapo. Kabla ya mdomo kufungwa ni mapema mno, mbwa hajafikiri lolote la kukatizwa. Mguu wa mbele ukishanyanyuka, umechelewa. Nafasi iliyobaki katikati haifiki muda wa kupepesa macho mara mbili, na mzee anakaa siku nzima akiivizia.

Hampigi. Kijana mmoja aliyekuja na mbwa wake alijisifu kwamba kila akimwona anamtazama paka anamchapa fimbo. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba amemfundisha mbwa kuwa paka ndiye anayeleta fimbo, na siku fimbo isipokuwepo paka atalipia zote.

Kazi nyingine hufanywa usiku. Gunia alilolalia paka hutandikwa kwa mbwa, la mbwa hupelekwa kihengeni, wakizoeana harufu kabla ya sura. Nguzo za kihenge zimezungushiwa kamba za katani ili paka apande bila kuteleza. Njuga hutundikwa ukutani ndani ya nyumba na haitoki. Mbwa akivalishwa njuga anajua ni mawindo, na mzee hataki hata mlio wake usikike uani. Hatua ishirini huwa kumi na tano, halafu kumi. Siku mbwa anapokosea, hurudishwa ishirini bila hasira. Hesabu yake ni ya miezi.

Lakini mwalimu mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni yule paka wa kijivu. Amekulia miongoni mwa mbwa na hakimbii. Paka anayekimbia humwasha mbwa mtulivu kuliko wote, asiyekimbia humwacha na swali. Nilimwona akipita mbele ya mbwa mwekundu kama mama anayepita mbele ya wanafunzi waliosimamishwa barazani.

Wahenga wamesema samaki mkunje angali mbichi, na mbwa mchanga aliyelelewa pamoja na paka tangu wiki zake za kwanza humsumbua mzee kidogo sana. Anaowapokea ni samaki waliokwisha kukauka. Hapo ndipo namvulia kofia, na hapo pia ndipo anapokataa kujidanganya. Mwaka 1930 mwanasayansi wa Kichina, Zing-Yang Kuo, alichapisha jaribio ambalo ningependa mzee alisikie. Kati ya watoto wa paka 21 waliokua wakiona wakubwa wakiua panya, 18 nao waliua. Kati ya 18 waliolelewa ndani ya tundu moja na panya, walioua ni watatu. Malezi yalifanya kazi kubwa mno, na bado watatu waliua. Nilipomsimulia, mzee alicheka akauliza kama hao watatu walikuwa wekundu.

Kuna mbwa anaowarudisha baada ya wiki mbili, na ada harudishi wala haongezi. Husema huyu mpeleke kwenye boma lisilo na paka, basi. Sijaona mafundi wengi wenye ujasiri wa sentensi hiyo.

Mwenye mbwa mwekundu alikuja mwezi wa tatu. Alimkuta mbwa wake amelala kivulini, paka juu ya kihenge, mkia unaning'inia. Akafurahi, akauliza kama sasa anaweza kuwaacha peke yao.

"Ukiwa uani, ndiyo. Ukitoka, mfunge. Na huyu amemzoea paka huyu. Kwa paka wako atajifunza upya, kwa kamba, miezi miwili. Wa jirani simdhamini."

Mtu huyo alikunja uso, lakini alilipa. Aliomba na njuga yake. Mzee alikataa kumpa.