Jinsi John Fenn Alivyorusha Tembo

Mwaka 1987 John Fenn alitimiza miaka 70, na kanuni za Chuo Kikuu cha Yale zikamtaka astaafu. Akabaki na cheo cha profesa mstaafu na nafasi ndogo ya kufanyia kazi. Anayempima mwanasayansi kwa kuhesabu ni mara ngapi makala zake zimerejelewa na wengine angeweza kufunga daftari siku hiyo: huyu ni mtaalamu wa mikondo ya gesi, anaheshimika kwao, basi. Miaka miwili baadaye, Oktoba 1989, jarida la Science likachapa makala aliyoiandika pamoja na wanafunzi wake. Makala hiyo imerejelewa maelfu ya mara.

Walichokifanya kinastahili kuelezwa polepole. Spektrometa ya tungamo ni mizani ya molekuli, lakini ni mizani yenye masharti: haipimi kitu mpaka kiwe na chaji ya umeme na kielee katika ombwe. Protini haiwezi hata moja kati ya hayo kwa hiari yake. Ukiipasha moto ili igeuke mvuke, inaharibika kabla haijapaa, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango.

Njia ya kuukwepa moto ilianza na Malcolm Dole wa Chuo Kikuu cha Northwestern. Aliwahi kuishauri kampuni ya rangi, na huko ndiko alikofahamu namna bodi za magari zinavyopuliziwa rangi kwa vitone vilivyotiwa umeme. Mwaka 1968 alieleza jaribio lake: mmumunyo unapita kwenye sindano yenye volti nyingi, unatoka kama ukungu, vitone vinakauka, na chaji inabakia juu ya molekuli. Matokeo hayakuwa safi. Fenn alipoyasoma aliona kasoro ilipo, kwa kuwa ilikuwa katika uwanja wake mwenyewe.

Gesi ikipenya kitundu kuingia kwenye ombwe hupoa ghafla. Mvuke uliochanganyika nayo hugandia ioni upya, na ioni inazidi uzito. Fenn alikuwa ameishughulikia mikondo ya namna hiyo tangu alipokuwa Princeton, miaka ya 1950. Dawa yake ilikuwa nitrojeni kavu, yenye joto, ikivuma kinyume na ukungu: inaufukuza mvuke, huku ioni zikiendelea mbele kwa kuvutwa na umeme. Aliifanya kazi hiyo na Masamichi Yamashita, wakaichapisha mwaka 1984. Mwaka huohuo kundi la Aleksandrov huko Leningrad nalo likatoa matokeo yake.

Protini bado ilikuwa mlima. Chombo chao kilisoma hadi 1,500 hivi, na protini nyingi zina tungamo la makumi ya maelfu. Ila mizani hii haisomi tungamo tupu. Husoma tungamo lililogawanywa kwa chaji. Protini iliyobeba protoni 20 husomeka kama sehemu moja ya ishirini ya uzito wake. Tatizo ni kwamba nyingine imebeba 19, nyingine 21, hivyo karatasi inajaa vilele kama meno ya kitana. Kwa jicho la haraka, hiyo ni fujo tupu.

Hapo ndipo Matthias Mann, mwanafunzi wa Fenn, alipoona neema. Chukua mayoglobini, protini ya misuli. Vilele viwili vinavyofuatana viko 848.6 na 893.2. Tofauti ni 44.6. Toa 1, ambalo ni tungamo la protoni, kutoka 893.2, kisha gawanya kwa 44.6: unapata 20, yaani chaji za kile kilele cha chini. Zidisha 20 kwa 847.6, yaani 848.6 ukitoa 1 ya protoni, na tungamo la protini linatoka, takriban 16,950. Kila jozi ya vilele inatoa ushahidi wake, na mashahidi kumi wakikubaliana, jibu linakuwa imara kuliko kilele kimoja kingeweza kutoa.

Mann mwenyewe baadaye akawa miongoni mwa watafiti wanaorejelewa zaidi katika fani hiyo. Makala yake ya 1996 na Andrej Shevchenko, ambayo ni maelekezo ya kuitoa protini ndani ya kipande cha jeli, imerejelewa mno, kwa sababu kila anayeifuata huitaja. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini haionyeshi miaka 30 ya kusoma gesi, ambayo ndiyo iliyofungua mlango.

Fenn alihamia Virginia Commonwealth University mwaka 1994. Tuzo ya Nobel ilimfikia 2002, akiwa na miaka 85. Hotuba yake ya tuzo ilihusu kuwapa mbawa tembo wa ulimwengu wa molekuli. Katika kesi ya hataza kati yake na Yale, alishindwa mwaka 2005. Alifariki Desemba 2010.

Leo maabara nyingi zinazopima sumukuvu kwenye mahindi hutumia unyunyizi huohuo wa umeme. Katika ripoti zake mbinu hiyo huandikwa kwa herufi tatu, ESI, bila jina la mtu wala makala yoyote kutajwa.