Mbwa Mzee Anastahili Utaratibu: Funzo Kutoka kwa Magawa

Mbwa akizeeka katika mitaa yetu ya Kihonda, Morogoro, mara nyingi huachwa alale getini mpaka siku atakaposhindwa kuinuka. Mwenye huruma humwongezea chakula, akaamini amemaliza. Nia ni njema, lakini mnyama mzee hutunzwa kwa utaratibu, na mfano wa utaratibu huo tunao mji huu huu, chini ya milima ya Uluguru.

Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, lilihamia Morogoro mwaka 2000 kufanya kazi na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mstaafu wake maarufu ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania na kupelekwa Kambodia mwaka 2016. Alibaini mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 ambazo hazikuwa zimelipuka. Septemba 2020 alipewa medali ya dhahabu ya PDSA, shirika la Uingereza la kutibu wanyama, akawa panya wa kwanza kuipata.

Alistaafishwaje? Kwanza, mapema. Juni 2021 alikuwa na miaka 7 na afya yake ilikuwa nzuri, ila walezi wake waliona kasi imepungua, nao hawakungoja mpaka aanze kukosea. Pili, kazi ilipunguzwa taratibu: alibaki wiki kadhaa na panya wapya waliokuwa wanaanza. Tatu, na hili ndilo kubwa, maisha yake mengine hayakuguswa. Kizimba kilikuwa kilekile, chakula kilekile, michezo na uchunguzi wa afya vikaendelea. Kilichoondolewa ni safari ya kwenda kwenye mabomu tu.

Utaratibu huo ulionyesha faida yake hadi mwisho. Januari 2022, Magawa alicheza kama kawaida sehemu kubwa ya wiki, halafu wiki ikielekea ukingoni akaanza kulala zaidi na kukipa chakula kisogo. Akafa akiwa na miaka 8. Waliokuwa naye waliona mabadiliko ya siku mbili tatu kwa sababu waliijua vizuri kawaida yake.

Sasa tumrudie mbwa mzee wa nyumbani, hasa yule mwenye umbo dogo. Mbwa wadogo huishi zaidi ya wakubwa, kwa hiyo uzee wao unaweza kuchukua miaka kadhaa. Ukimpokea mbwa mzee aliyeachwa na wenyewe waliohama, uliza kwanza alikuwa anakula nini, saa ngapi, na analala wapi, kisha mfuatishie hivyo hivyo. Kama chakula kitabadilika, changanya cha zamani na kipya kwa wiki nzima.

Kila mwezi mpime uzito. Panda kwenye mizani umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Mbwa wa kilo 6 akipungua gramu 600 amepoteza sehemu moja ya kumi ya mwili wake, na jicho halitaona hilo chini ya manyoya. Andika pia anavyokunywa maji. Akinywa na kukojoa zaidi ya kawaida, huenda ni figo au kisukari. Kikohozi cha usiku kwa mbwa mdogo mzee kinaweza kuwa moyo. Akidondosha chakula mdomoni, mfungue kinywa umtazame meno.

Ugali na dagaa wasio na chumvi vinalika, ila usimmwagie mchuzi wenye vitunguu, kwa kuwa huharibu chembe nyekundu za damu. Sakafu ya marumaru humtelezesha mwenye viungo vinavyouma. Mtandikie mkeka au gunia njia anayopita. Akichechemea, usimpe diklofenaki ya binadamu. Inaweza kumtoboa tumbo na kuua figo. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Uzee pia haufuti chanjo ya kichaa cha mbwa wala ukaguzi wa kupe masikioni na katikati ya vidole.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji utajiri. Kinachohitajika ni daftari, mizani, na mtu mmoja wa nyumbani aliyekubali kuwa hiyo ni kazi yake. Panya wa kilo moja na ushei alitunzwa hivyo kwa sababu alikuwa ameokoa watu. Mbwa aliyelinda usingizi wenu kwa miaka kumi amekwisha kulipia huduma hiyohiyo.