Breki Hupimwa kwa Mguu wa Kwanza

Mafundi wengi wakishabadilisha masta silinda hukaa kitini, hupampu mara nne tano, pedeli ikikaza wanasema, "Tayari, bosi." Kipimo hicho hakitoshi. Hata breki yenye upepo ndani hupanda ikipampiwa, kwa sababu kila mkanyago unasukuma mafuta mengine kwenye paipu kabla ya yale ya mwanzo kurudi. Lakini bodaboda akikukatiza ghafla, huna muda wa kupampu. Ndiyo maana kazi ya masta ninaihukumu kwa mguu wa kwanza: gari limelala usiku kucha, unakanyaga mara moja tu, na pale pedeli inaposhika ndipo breki yako ilipo.

Kabla ya kufungua chochote, uwe na hakika kwamba masta ndiyo mbovu. Masta iliyochoka ina tabia yake. Ukiikanyaga kwa nguvu inashika. Ukikanyaga taratibu na kushikilia, kama unavyofanya kwenye foleni, pedeli inazama polepole hadi chini na kopo la mafuta halipungui. Raba za ndani zimelika, mafuta yanapita kando ya pistoni na kurudi yalikotoka. Kama kopo linapungua na magurudumu yote ni makavu, fungua nati mbili zinazoishikilia masta kwenye busta, ivute mbele kidogo, upapase nyuma yake kwa kidole. Ukikuta unyevu, au rangi ya busta chini ya masta imefura na kubabuka, jibu umelipata, maana mafuta ya breki hula rangi. Pedeli inayobonyea tu bila kuzama mara nyingi ni upepo, na upepo hautibiwi kwa kununua masta.

Dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi, nenda na masta ya zamani mkononi. Wauzaji hulinganisha umbo na idadi ya matundu, nawe uangalie namba iliyochongwa ubavuni inayotaja kipenyo cha ndani: 13/16 ni milimita 20.64, na 7/8 ni milimita 22.22. Zote mbili zinaweza kuingia kwenye busta yako bila ubishi. Ukifunga kubwa badala ya ndogo, pedeli itakuwa fupi na ngumu, na kila atakayeijaribu atasifia kwamba breki zimekaza. Ukweli ni kwamba kwa nguvu ileile ya mguu, presha kwenye magurudumu imepungua karibu asilimia 14. Pedeli ngumu imewadanganya wengi.

Masta ya mtumba siinunui. Imekaa kavu rafuni miezi, raba zimekakamaa, na ukiifungua ili ubadilishe raba utakuta ni ya alumini, ambayo haifai kupigwa msasa ndani. Mpya nayo ikague: sukuma pistoni kwa bisibisi ya nyota, uone kama inarudi yenyewe hadi mwisho bila kukwama.

Sasa hatua inayotenganisha mafundi. Masta mpya imejaa hewa, na hewa hiyo itolewe kabla ya kuifunga kwenye gari. Ibane kwenye jiliwa kwa masikio yake, kamwe si kwa tumbo, ikae sawa bila kuinama. Funga vipande viwili vya mpira mwangavu kwenye matundu ya kutolea mafuta, ncha zake zirudi koponi na kuzama ndani ya mafuta. Kisha sukuma pistoni polepole, achia polepole zaidi. Mwanzoni mapovu yatatoka makubwa, halafu madogo, halafu punje kama mchanga zinazong'ang'ania ukuta wa mpira. Wengi huishia kwenye yale madogo. Endelea mpaka mpira uwe safi kabisa na pistoni iwe ngumu, isogee kidogo mno. Ukiruka hatua hii, utashinda magurudumuni mchana kutwa ukifukuza hewa iliyojificha juu.

Wakati wa kuifunga, shika nati za paipu kwa vidole kwanza, masta ikiwa bado imelegea, ili hesi zikae vizuri. Malizia kwa spana ya nati za paipu, aghalabu namba 10 kwa Toyota. Baadaye mtu akitaka kujua kazi ilifanywa na nani, atazame kona za nati: zikiwa kali, alikuwa fundi, zikiwa za mviringo, palitumika koleo. Mafuta yaliyomwagika yaoshwe kwa maji papo hapo.

Mafuta yenyewe yawe DOT 3 au DOT 4, kama kifuniko cha kopo kinavyosema, kutoka chupa iliyofunguliwa siku hiyo. Hunyonya unyevu wa hewani: DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, iliyoingiwa na maji inaweza kuchemka kwenye 140, na anayeshuka mteremko wa Kitonga na mzigo atauona mvuke wake mguuni.

Kutoa upepo magurudumuni kunahitaji watu wawili wanaosikilizana. Aliye kitini akanyage na kujibu, "Nimeshikilia," ndipo wewe ulegeze skrubu ya kutolea upepo. Asiachie mpaka useme, "Achia," nawe umeshakaza. Kwa magari yetu ya usukani wa kulia kawaida huanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Kopo lisikauke hata mara moja. Kwa Prius na Aqua, simama hapo: breki zake zinataka mashine ya kompyuta, si kazi ya uani.

Kisha hukumu. Injini ikiwa imezimwa, pampu kumaliza nguvu ya busta, kanyaga na ushikilie dakika nzima. Pedeli isizame hata kidogo. Washa injini mguu ukiwa palepale. Pedeli ishuke kidogo, isimame. Zungusha magurudumu kwa mkono. Yakiwa mazito yote, huenda kijiti cha busta ni kirefu mno kwa masta hiyo, nazo breki zitajibana zenyewe zikipata joto.

Asubuhi yake, kabla ya kuwasha, kanyaga mara moja. Ikishika chini kuliko jana, gari halitoki getini.