Mawe Yalihamishwa

Filamu nyingi za kutisha huniacha nikicheka. Poltergeist ya Tobe Hooper, iliyotoka Marekani mwaka 1982, na ambayo Steven Spielberg alishiriki kuiandika na kuitayarisha, hainichekeshi hata kidogo, na nimejiuliza mara nyingi sababu. Mazimwi yake yamekwisha kuchakaa. Mwanasesere anayemkaba mtoto, mti unaovunja dirisha na kunyoosha matawi kama mikono: vijana wa leo wanaviona ni michezo. Kinachotisha ni kiwanja.

Steve Freeling anauza nyumba katika mtaa mpya huko California, nyumba zinazofanana kama matofali ya kalibu moja. Ni muuzaji hodari, naye anaishi katika mojawapo pamoja na mkewe Diane na watoto wao watatu. Binti mdogo, Carol Anne, anazungumza na televisheni iliyokwisha kufunga matangazo. (Filamu inaanza kwa wimbo wa taifa wa Marekani, kituo kikiaga usiku. Sisi tuliolala na redio tunaijua saa hiyo, ingawa Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994.) Kisha mtoto ananyakuliwa, sauti yake ikabaki ndani ya chombo. Mwishoni majeneza yanafumuka kutoka ardhini, na Steve anamkaba bosi wake, Teague, akimpigia kelele: ulihamisha mawe ya makaburi, ukaiacha miili.

Mtu wa Singida hahitaji kufafanuliwa hapo. Mimi nimejenga upande wa Mandewa, ambako mashamba ya uwele yanageuka viwanja, na Wanyaturu tangu zamani wamezika karibu na kaya zao. Tena sheria yetu ya kuhamisha makaburi, ya mwaka 1969, inatambua kwamba ardhi inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, fidia ihusu si uchimbaji na usafirishaji tu bali hata gharama za matambiko. Naipenda sana ibara hiyo. Serikali yenyewe imekiri kwa maandishi kwamba marehemu ana la kusema. Lakini kiwanja kinachouzwa mkono kwa mkono, muuzaji na mnunuzi chini ya mwembe, nani atahesabu? Mzee aliyeniuzia alinionyesha mahali palipokuwa na mawe, akasema yote yalikwisha kuhamishwa. Yote yapi, mawe au miili? Sikumwuliza hivyo, maana wakati huo sikuwa nimeiona filamu hii.

Hata hivyo, naiona filamu hii kuwa na woga mmoja mkubwa: inamsamehe mzazi upesi mno. Steve amekula mshahara wa Teague miaka yote, na watoto wake wamelelewa kwa fedha hiyohiyo. Mara Teague anapotajwa kuwa mkosaji, Steve anakuwa mwathirika safi. Diane naye anafungwa kamba, anaingia katika giza la wafu na kutoka na bintiye kifuani. Ni sehemu nzuri kuliko zote, sikatai. Nimeitazama nikiwa nimeshika mikono ya kiti. Lakini ushujaa wa mama unafunika swali lililoulizwa mapema: ni nani aliyemleta mtoto kwenye nyumba hii?

Simulizi la kwetu halina huruma hiyo. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi waliuawa Singida, miili ikiwa na alama kama za makucha, na serikali ya kikoloni ikakamata watu na wengine ikawanyonga. Ndio mbojo, simba-watu. Katika masimulizi hayo kisa hakianzi na simba. Kinaanza na mtoto aliyeibwa au kununuliwa, akafichwa gizani, akalelewa asijue kusema, mpaka akawa kitu cha kutumwa na mwenye chuki. Mnyama ana mlezi, na mlezi ana majirani walionyamaza. Hakuna Teague wa kubebeshwa mzigo wote.

Hadithi hiyo ingefaa kuwa filamu, nyumba zetu mpya zenye geti na ukuta zikiwa ndio mahali pake. Filamu za kutisha za Dar es Salaam, tangu Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zimenivutia, ila jini wa Shumileta anamtaka mwanamume. Mimi nangoja yule anayemtaka mtoto, na mzazi ambaye mkono wake si safi.

Poltergeist iliukaribia mkono huo mara moja. Mapema, kabla ya balaa, viti vinapojisogeza vyenyewe jikoni, Diane anafurahi kama msichana. Anachora alama sakafuni, anamkalisha Carol Anne, na nguvu isiyoonekana inamburuta mtoto mpaka upande wa pili. Mtoto amevalishwa kofia ngumu ya wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Kwangu mimi kofia ile ni ushahidi: mama alijua kwamba panaweza kuumiza, akaendelea kucheza. Mke wangu anaipinga hoja hiyo kabisa. Anasema aliyevalisha kofia ndiye anayelinda, na kwamba baba yuko pembeni, ameduwaa tu. Tumebishana hivyo mara mbili, na bado hatujakubaliana kama binti yetu wa miaka tisa aitazame.