Jina la Nne

Fomu nyingi tunazojaza Babati, iwe ya kumwandikisha mtoto shule, ya kitambulisho cha taifa au ya kukopea pikipiki, zina nafasi ya majina matatu: lako, la baba na la babu. Ndiyo kusema kila mmoja wetu, hata asiyewahi kuuliza lolote kuhusu asili yake, ana vizazi vitatu mfukoni. Siku mwanamume anapopata mtoto, majina husogea. Mtoto hushika nafasi ya kwanza, yeye huenda ya pili, baba yake ya tatu, na babu hudondoka nje ya karatasi. Hakuna aliyemkana wala hapakuwa na ugomvi. Nafasi zimekwisha. Miaka arobaini baadaye mtoto huyo huulizwa jina la nne, akabaki kutazama dari.

Nataka kuisifu kazi ya wanaolifuata jina hilo. Karibu kila ukoo unaye mmoja: shangazi asiyekosa msiba, mwalimu mstaafu mwenye kaunta buku lililokwisha kufumuka mgongo, kijana aliyeanza kwa kudadisi picha ya harusi ukutani. Hawalipwi. Ndugu huwaona wadaku, mpaka siku inapozuka hoja ya nani ni nani, ndipo wanapoitwa. Kwangu mimi hao ni mafundi kamili. Na juu ya namna ya kuianza kazi yao hapa kwetu nina msimamo mmoja: anza kwa wanawake.

Mstari wa baba, hata ukifupishwa, una reli yake. Majina yenyewe yanaubeba, na wazee wa kiume hupenda kuusimulia. Mama hana nafasi hata moja katika yale majina matatu, na Babati ndipo mahali ambapo kumwacha mama ni kuacha nusu ya habari, pengine zaidi. Mji huu haujawahi kuwa wa kabila moja. Wagorowa ndio wenyeji wa kandokando ya Ziwa Babati na Mlima Kwaraa. Wairaqw waliteremka kutoka nyanda za juu za Mbulu, Wabarbaig, ambao ni Wadatoga, wakaja na mifugo kutoka Hanang, Warangi wakapanda kutoka Kondoa, Wambugwe wako chini Magugu. Mwendo wa siku moja tu unatosha kusikia lugha za Kikushi, za Kiniloti na za Kibantu, na ukizidi kwenda unawafikia Wahadza wa bonde la Yaeda na Wasandawe wa upande wa Kondoa, wenye lugha za vidoko. Watu walioishi karibu hivyo walioana. Koo nyingi za Wairaqw zenyewe husimulia kwamba mwanzilishi wao alitoka kwingine, kwa Wadatoga au kwa jirani mwingine. Usishangae basi kumkuta mtu wa Dareda, mzungumzaji wa Kiiraqw tangu utotoni, ambaye jina la babu yake linaanza na Gida, kama yalivyo majina mengi ya wanaume wa Kidatoga.

Ukimfuata baba peke yake utapata mstari ulionyooka, wa lugha moja, na utaamini kwamba asili yako ni hiyo tu. Ukimfuata bibi mzaa mama, njia inapinda Bonga, inavuka mlima, inatokea Kolo, na hapo ndipo unapoelewa kwa nini nyumbani kwenu kuna neno la kumbembelezea mtoto ambalo hakuna jirani anayelijua.

Kuuliza kwenyewe ni ufundi. Anayeanza huja na karatasi iliyochorwa visanduku, akaketi mbele ya bibi na kusema, "Bibi, baba yake babu aliitwa nani?" Bibi hutaja jina moja, akasita, na mazungumzo yamekwisha. Fundi huamkia kwanza, hupokea chai, husikiliza habari za mvua na za mahindi, ndipo anapouliza: "Bibi, siku ulipoolewa nani alikusindikiza? Mlipita wapi? Njiani mlilala kwa nani?" Hapo majina huja bila kuitwa, kwa sababu kila moja limefungwa kwenye tukio. Aliyesindikiza alikuwa dada mkubwa wa baba. Walikolala ni kwa mjomba, na mjomba alihamia huko mwaka wa njaa. Mahari ilipokewa na nani? Ng'ombe wa kuanzia maisha alitoka zizi la nani? Mtoto wa kwanza alipokelewa na mikono ya nani? Swali hili la mwisho nalipenda sana, kwa kuwa wakunga wa zamani mara nyingi walikuwa ndugu, na hakuna fomu iliyowahi kuwaandika.

Miaka nayo haiulizwi kwa tarakimu. Bibi ulikuwa umeshaolewa siku ya Uhuru? Ulikuwa na watoto wangapi tulipohamishiwa vijijini, ile operesheni ya katikati ya miaka ya 1970? Kitinda mimba alikuwa ananyonya vita vya Kagera vilipoanza mwaka 1978? Ziwa lilipofurika mwaka 1990, nani alikuwa bado hai? Kwa waliosimuliwa na wakubwa wao kuna alama ya mbali zaidi: Aprili 1916, wapanda farasi wa Jenerali van Deventer wa jeshi la Mwingereza walipopita Ufiomi, yaani huku kwetu, wakienda kuiteka Kondoa mikononi mwa Wajerumani. Mtu aliyeambiwa kwamba mama yake alizaliwa mwaka wa farasi wale ana tarehe nzuri kuliko vyeti vingi.

Kisha kuna ukimya, ambao ndio darasa gumu kuliko yote. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala la wakwe wengine wakubwa, na hukwepa hata maneno ya kawaida yanayokaribiana nalo kwa sauti. Wanawake wana msamiati mzima wa maneno mbadala kwa ajili hiyo. Mtafiti wa lugha Alice Mitchell ameuandika kwa kina. Sasa fikiria mjukuu aliyekulia mjini anamwendea bibi wa namna hiyo na kumuuliza jina la baba yake babu. Bibi ananyamaza. Mjukuu anaandika: hakumbuki. Kumbe anakumbuka kuliko mtu yeyote pale nyumbani. Amelibeba jina hilo maisha yake yote ya ndoa, katika kila sentensi aliyoipinda ili asiliguse. Fundi anayejua adabu hamshurutishi. Humgeukia wifi wa bibi, aliyezaliwa ndani ya jina hilo na anayelitamka bila kizuizi, huku bibi akisikiliza na kutikisa kichwa pale wifi anapopotoka. Na mwenye sikio zuri, akishagundua ni maneno gani bibi hayasemi, ameanza kulisikia jina kabla ya wifi kufungua kinywa.

Wabarbaig wana kumbukumbu nyingine, iliyojengwa kwa udongo na miti. Mzee wa heshima akifariki, juu ya kaburi lake hujengwa kilima, bung'eda, na shughuli zake huendelea kwa miezi kabla ya siku kuu ya kumaliza, ambapo watu hukusanyika kutoka mbali. Ukialikwa, nenda. Utaona kwa macho nani anasimama karibu na nani.

Kosa baya kuliko yote katika kazi hii ni kumtangulizia mzee jibu. Alex Haley, Mmarekani aliyeandika kitabu cha Roots mwaka 1976, alifika Juffure nchini Gambia akimtafuta babu yake Kunta Kinte, na mzee Kebba Fofana akamsimulia habari zake. Mwanahistoria Donald Wright aliyewahoji wazee wa huko, Fofana akiwemo, alionyesha mwaka 1981 kwamba walioulizwa walikuwa wameshajua mgeni anatafuta nini. Sikibezi kitabu hicho; kiliwafanya watu wengi sana duniani waanze kuuliza habari za wazee wao. Lakini mzee mkarimu humpa mgeni anachokitamani, na wazee wetu ni wakarimu. Afadhali uondoke na kurasa tupu kuliko kuondoka na maneno yako mwenyewe yaliyozunguka yakakurudia.

Jan Vansina, aliyeitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchunguza masimulizi ya Afrika, aliona jambo ambalo kila mwenye kaunta buku hulikuta. Mwanzilishi wa ukoo anakumbukwa, watu wa karibu wanakumbukwa, na katikati kunakonda. Pengo hilo aliliita pengo linaloelea, kwa kuwa linahama kadiri vizazi vinavyosonga. Kwa hiyo ukipewa orodha fupi inayotoka kwa babu yako moja kwa moja hadi kwa aliyeongoza safari ya kuja nchi hii, ipokee kwa heshima, kisha acha mistari kadhaa bila kuandika kitu. Kuna watu humo. Wengi wao ni wanawake.

Karatasi nazo zina msaada wake. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Kikatoliki hutaja wazazi na wasimamizi, na pembeni mwake huandikwa kipaimara na ndoa, hata ikiwa ndoa ilifungwa parokia nyingine. Aliyebatizwa milimani na kuolewa mjini anaweza kupatikana kwenye ukingo wa ukurasa mmoja. Kwa Waislamu, tazama walii wa bibi harusi ni nani. Asipokuwa baba, hapo kuna habari ya kufuatilia. Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam inahifadhi vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza, ila ujue cha kuomba. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kutoka Arusha, na enzi za Mwingereza Babati ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu, kwa hiyo omba Mbulu. Wanaume utawaona zaidi humo, hasa machifu. Kipimo cha vinasaba sikipingi. Utafiti mkubwa wa Sarah Tishkoff na wenzake wa mwaka 2009 uliwahusisha Wairaqw, Wadatoga, Wahadza na Wasandawe, na una mengi kuhusu mchanganyiko wa watu wa huku. Hauna jina la bibi ya mtu.

Karatasi ninayoithamini kuliko hizo zote huchapwa stesheneri usiku wa kuamkia maziko: wasifu wa marehemu. Husomwa mara moja kaburini, kisha hufungiwa vitumbua. Ukoo mmoja ukikusanya wasifu wa marehemu wake wote wa miaka ishirini, tayari una kitabu.

Usiache kutembea. Operesheni Vijiji iliwaondoa watu kwenye makazi yao, na mahame yako bado kule porini: jiwe la kusagia, ua wa minyaa uliokua ukawa miti wakati nyumba imeshakuwa udongo. Mpeleke shangazi pale, umwache atembee mbele. Atakuonyesha mlango ulikuwa wapi, nani alilala upande gani, mtoto yupi alizikwa nyuma ya zizi. Hayo hayasemeki sebuleni.

Mengine atakayokuambia si ya kuandikwa. Mtoto aliyepatikana nje ya ndoa na akapewa jina la nyumba ile ni mtoto wa nyumba ile. Palipo na shauri la ardhi, jina moja kwenye daftari linaweza kumvunjia mtu boma. Muulize aliyekusimulia: hili liandikwe? Akikataa, usiandike hata kwa penseli.

Yanayoandikwa yawe na jina la aliyesema na tarehe aliyosema. Dada wawili wakipingana, mmoja akisema bibi alitoka Riroda na mwingine Bashnet, andika yote mawili. Nakala irudi kwao Desemba, ndugu wa Arusha na Dar es Salaam wanapokuwa nyumbani, isomwe kwa sauti baada ya chakula, na kalamu ipite mkono kwa mkono. Watasahihisha, watagombana kidogo, watakumbuka pacha ambaye hakutajwa.

Katika daftari ninalolishughulikia sasa, ukurasa wa mama yake bibi una majina mawili. Anayejua la tatu yuko Galapo, ni mkubwa kuliko wazee wetu wote waliobaki, na wiki hii barabara inapitika.