Fletcher: Jina la Mtia Manyoya

Vita vya Agincourt vya mwaka 1415 vimewapa sifa wapiga mishale wa Uingereza. Sifa hiyo ni haki yao, lakini nusu yake ni ya fundi ambaye hakukanyaga uwanja ule. Kwa bahati njema jina lake halikupotea. Aliitwa Fletcher, kutokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mshale.

Mshale haukuwa kazi ya mtu mmoja. Arrowsmith alifua kigumba cha chuma. Upinde ukachongwa na Bowyer, upote ukasokotwa na Stringer. Fletcher yeye alinyoosha wano na kulitia manyoya, na hapo ndipo ulipokaa ufundi wenyewe. Alichagua manyoya matatu ya bata bukini, yote ya bawa la upande mmoja, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hupinda tofauti. Yakilingana, mshale huzunguka hewani na kushika njia, yakichanganywa, huyumba. Aliyabandika kwa gundi, kisha akayafunga kwa uzi mwembamba, akiupitisha katikati ya nyuzi za manyoya pasipo kuzivuruga. Vidole vizito visingeweza.

Meli ya kivita ya Uingereza, Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, ilikutwa na mishale zaidi ya 3,500, mingi ya mti wa mpopla. Manyoya yalikwisha kuoza. Alama za uzi zimo bado kwenye gundi.

Dola ilijua thamani ya mafundi hawa. Mwaka 1371, jijini London, walijitenga na wachonga pinde wakawa na chama chao. Mwaka 1416 sheria ikawakataza wachongaji wa soli za mbao kuugusa mti uliofaa kwa mawano, na mwaka uliofuata mfalme Henry wa Tano akaagiza kila bata bukini anyonyolewe manyoya sita ya bawa.

Huenda uhitaji huo wa mishale ndio sababu leo watu wenye jina la ukoo la Fletcher ni wengi kuliko wenye jina la Bowyer, ingawa baadhi yao wametokana na Flesher, yaani muuza nyama. Upinde hudumu miaka. Mpiga mishale hodari aliweza kumaliza fungu lake la mishale 24 kwa dakika chache tu, na kila mshale uliporuka, Fletcher alikuwa na kazi mpya mezani.