Mizani Isiyosema "Usinunue"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Soko siku hizi limeingia mpaka chumbani. Mtu huagiza baibui la Dubai au viatu vya China naye amejinyoosha kitandani, simu mkononi. Muuzaji hamwoni, mchukuzi hamjui, wala moshi wa ndege iliyoleta mzigo haumfiki puani. Kwa ajili hiyo mafundi wa kompyuta wameunda vyombo vidogo vinavyotiwa ndani ya kivinjari, yaani ile programu tufungulayo mtandao. Ukitazama bidhaa, chombo husoma jina lake na kitu kilichoitengeneza, kikatazama majedwali yake, kisha kikakuandikia pembeni: hii imetoa hewa ya ukaa kilo kadhaa. Leo natutazame chombo hiki kwa insafu, maana mwenye kuwapimia watu naye hupimwa.

Tuanze na wema wake. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na uharibifu nao ni vivyo hivyo. Mzigo wa meli na mzigo wa ndege hufanana ufikapo mlangoni, na hali ule wa ndege umechafua hewa mara nyingi zaidi. Kumjulisha mnunuzi jambo hilo ni nasaha, na nasaha ni katika dini. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwako muhtasibu, akipita sokoni kukagua mizani na mawe ya kupimia. Chombo hiki chataka cheo hicho. Basi kina mambo matatu ya kuulizwa.

La kwanza ni jiwe lake la kupimia. Mwaka 2021 Google ilianza kuwaonyesha watafutao tikiti za ndege hewa chafu ya kila safari. Mwezi wa Julai 2022 ikaondoa katika hesabu ile athari zisizokuwa za ukaa, kama ile mistari ya mawingu iachwayo na ndege angani, kwa kuwa ni vigumu kuzikadiria kwa kila safari. Huenda udhuru huo una uzito. Lakini ndege ni ile ile, njia ni ile ile, na namba imeshuka! Jiwe limebadilika, mzigo haukubadilika. Twajua onyo la Suratul Mutaffifin kwa wenye kupunja vipimo. Basi mwenye chombo na amwonyeshe mnunuzi hesabu yake yote, na penye kukisia aseme wazi kuwa amekisia.

La pili ni mkono ulioshika mizani. Mwezi wa Septemba 2020 Amazon ilianza kuzitia baadhi ya bidhaa dukani mwake alama iitwayo Climate Pledge Friendly. Shahada nyingi zilizotegemewa zilikuwa za watu wa nje, lakini mojawapo, Compact by Design, iliundwa na Amazon wenyewe. Muuzaji amejitolea ushahidi! Kadhi gani angeukubali peke yake?

La tatu ndilo kubwa. Vyombo vingi vya ununuzi wa mtandaoni hula ujira kwa muuzaji kila mtu anunuapo kwa njia yao. Chombo cha namna hiyo kitakuambia: acha fulana hii, chukua ile, ina madhara kidogo. Hakitakuambia: fulana unazo tano, funga simu ukalale. Neno hilo halina ujira. Na hilo ndilo neno tulilolihitaji. Katika Suratul Aaraf tumeruhusiwa pambo, chakula na kinywaji, na papo hapo tukakatazwa israfu. Imepokewa pia katika Ibn Majah kwamba Mtume (S.A.W.) alimkataza sahaba kufuja maji ya udhu hata akiwa kwenye mto unaopita. Maji ya mto hayakuwa haba. Lililokatazwa ni ufujaji wenyewe. Binti mwenye mabaibui manne kabatini akiagiza la tano kwa ajili ya Idi, hata likiwa na alama ya kijani, israfu haikumtoka.

Wala tusimtwike mnunuzi mzigo wote. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019, hakuna mama aliyepewa hesabu ya kilo. Katazo halikuishia kwa mtumiaji, bali lilimfikia mwenye kuitengeneza na mwenye kuitoa dukani, na watu wakarudia vikapu vyao. Muhtasibu wa kweli humkamata mwenye mizani. Hamwachi akaenda kumwonya mteja peke yake.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu wajuao kuunda programu: undeni, ni kazi ya thawabu. Lakini msile kwa muuzaji, onyesheni jiwe lenu, na kabla ya kilo zote liandikeni swali moja: je, wakihitaji? Na sisi wenye nyumba tusingoje programu hiyo. Swali lenyewe twalijua tangu chuoni.

Wallahu aalam.